Kinundu chenye sura ya upole: jeni na picha ya altrasaundi kwenye kansa ya thairoidi

Kazi yangu ni kupiga altrasaundi, nipo Pittsburgh huku Pennsylvania miaka mingi sasa, na ukiniuliza sehemu gani ya mwili naipenda kuliko zote nakujibu shingo bila hata kufikiria. Tumbo lina gesi, moyo haukai sehemu moja, mtoto tumboni anageuka anavyotaka yeye, ila thairoidi imekaa pale juu juu chini ya ngozi, unaweka jeli, unaweka probu, inakuja yote, mpaka kitu cha milimita mbili unakiona. Halafu raha nyingine ya shingo kwa hapa nilipo ni kwamba majibu yanarudi. Kuna kikao cha kila wiki, madaktari wa upasuaji, wa homoni, wa picha, wa patholojia, wote wanakaa wanajadili wagonjwa, na sisi wapiga picha tunaruhusiwa kukaa kule nyuma tukisikiliza. Unasikia sindano ya kunyonya seli za kinundu ilikuta nini, darubini imeona nini, maabara ya jeni imesema nini. Nyumbani nilikoanzia kazi, Tanzania, ripoti ikishatoka mkononi imetoka, yule dada au yule mzee aliishia wapi hujui tena.

Kwa hiyo ninachoandika hapa si cha kitabuni tu, ni kile kilichonikaa kichwani baada ya kuona picha yangu mwenyewe inawekwa pembeni ya jibu la jeni, tena na tena. Na nitakisema mapema: mfumo wetu wa kutoa alama kwenye vinundu umekaa vizuri sana kwa kansa za jeni moja, na umekaa vibaya kwa nyingine. Wenzangu wengine hawapendi nikisema hivyo ila ndo nilivyoona.

Tuanze na ile inayojulikana. Kansa nyingi za thairoidi ni aina ya papilari, na ndani yake jeni inayotajwa kila siku ni BRAF. Badiliko lenyewe ni dogo mpaka linakera, kwenye protini yake nafasi ya 600 kinatoka kipande kinaitwa valini kinaingia glutameti, basi, ndo maana wanaandika V600E. Hapo ile amri ya kuiambia seli igawanyike inabaki imewashwa muda wote. Mwaka 2002 watafiti waliitangaza kwenye kansa kadhaa, hasa ile ya ngozi, melanoma, na mwaka uliofuata ikaonekana kwenye papilari. Halafu mwaka 2014 mradi mkubwa wa Marekani unaoitwa TCGA ukatoa uchambuzi wa papilari 496, karibu 60% zilikuwa na V600E, na kitu kikubwa zaidi kwangu mimi ni kwamba walizigawa makundi mawili: zile zenye tabia za BRAF na zile zenye tabia za RAS. RAS nayo ni familia ya jeni, kuna NRAS, HRAS na KRAS. Wao waligawa kwa kusoma seli, hawakuwa wanaangalia altrasaundi, lakini mtu wa picha ukisoma ule mgawanyo unashtuka, kwa sababu ni kama walikuwa wanaelezea skrini yako.

Kwa nini? Thairoidi nzima ni vifuko vidogo vidogo vimejaa ute wa koloidi. Mawimbi ya sauti yakiingia yanagonga kuta za vile vifuko, maelfu kwa maelfu, yanarudi, ndo maana tezi yenye afya kwenye skrini ni kijivu cheupe, laini, imetulia. Sasa seli zilizobebwa na BRAF V600E zinasahau kazi ya tezi. Haziundi tena vifuko vizuri, zinajipanga kama vidole, zimebanana, katikati zinapita nyuzi za kovu, ute hakuna au ni kidogo. Mawimbi yanakosa cha kugonga, yanarudi machache, kinundu kinatoka cheusi. Hakina ganda la kukizunguka kwa hiyo ukingo wake umechongoka, unaingia huku unatoka kule. Vile vidole ncha zake zikifa zinajaa kalsiamu tabaka juu ya tabaka, ndo unaona zile nukta nyeupe nyeupe zisizo na kivuli nyuma yake. Na kinakua kukata tabaka za tishu, kutoka mbele kwenda nyuma, kwa hiyo ukikipima kwa picha ya kukata shingo kwa upana unakuta kimo kinazidi upana. Cheusi, kirefu, kimechongoka, kina nukta. Hata mwanafunzi wa mwezi wa kwanza akikiona anamwita mkubwa wake.

Kundi la RAS ni watu wengine kabisa. Hapo seli bado zinakumbuka kutengeneza vifuko, tena mara nyingi uvimbe umefungwa kwenye ganda lake, unakua taratibu unasukuma jirani badala ya kumvamia. Kwenye skrini unakuta duara au yai, ukingo safi, kijivu kile kile cha tezi au kimepungua kidogo, pembeni kuna kamstari keusi kamekizunguka, hakuna nukta. Kina sura ya upole. Na hapo ndo shida inapoanzia, kwa sababu uvimbe usio kansa kabisa, adenoma, una sura hiyo hiyo, na kansa ya folikula, aina nyingine ya kansa ya thairoidi, nayo ina sura hiyo hiyo, na RAS inaweza kukaa kwenye wote hao.

Twende kwenye alama. Hapa tunatumia TI-RADS ya chama cha madaktari wa picha cha Marekani, toleo la 2017. Unatoa pointi: kinundu kigumu kizima 2, kuwa cheusi kuliko tezi 2, kimo kuzidi upana 3, ukingo uliochongoka 2, nukta nyeupe 3. Kile cha BRAF nilichokielezea hapo juu kinabeba pointi 12 bila jasho, na daraja la juu kabisa, la tano, linaanzia pointi 7, sindano inaruhusiwa kikifika sentimita 1. Sasa chukua cha RAS: kigumu 2, rangi sawa na tezi 1, basi, jumla 3. Hilo ni daraja la tatu na sindano mpaka kifike sentimita 2.5. Kikiwa cheusi kidogo kinapanda pointi 4, daraja la nne, sindano kwenye sentimita 1.5. Umeona? Kile mfumo unachokikamata ni sura ya BRAF. Wa upole anasubiriwa akue. Na sisemi walikosea, hapana, maana wengi wa hao wapole kweli ni wapole na ukiwachoma sindano wote utajaza hospitali watu wenye wasiwasi bila sababu. Ila mpiga picha ukijua kwamba kipimo kinategemea ukubwa tu kumuokoa huyu mtu, basi hiyo namba ya ukubwa unaipima kama unapima dhahabu. Milimita mbili hapo zinaamua kama atachomwa au atarudi mwaka kesho.

Mambo madogo yanahusika kuliko watu wanavyodhani. Ukikandamiza probu kinundu kirefu kinalala kinakuwa kipana, pointi 3 zimepotea hapo hapo. Mto unakaa chini ya mabega siyo chini ya kichwa, la sivyo kile cha chini karibu na mfupa wa kifua hukioni. Nukta nyeupe yenye mkia mrefu kama wa kimondo ni koloidi iliyoganda, mara nyingi haina neno, ile isiyo na mkia ndo ya kuogopa, na ili kuzitofautisha lazima upunguze mwanga wa mashine na usogeze fokasi mpaka usawa wa kinundu, siyo kupiga na mpangilio ulioachwa na mwenzako aliyekuwa anapima figo.

Kuna mgonjwa mmoja hivi alikuja, dada wa makamo, kinundu chake kilikuwa kizuri mpaka nikakisifia kimoyomoyo, yai kabisa, ukingo kama umechorwa kwa kompasi. Kilipita sentimita 2.5 kwa hiyo akachomwa. Majibu ya sindano yakatoka daraja la tatu la Bethesda, yaani mfumo wa kupanga majibu ya sindano kwa madaraja, lile la katikati ambalo wanasema seli zina mashaka lakini siyo kansa na siyo salama. Kwa watu wa huku hapo ndo jeni inaingia, wanachukua sampuli ile ile ya sindano wanaipeleka kwenye kipimo cha jeni, na mojawapo ya vipimo vinavyotumika sana, ThyroSeq, kimezaliwa hapa hapa Pittsburgh. Bei ni maelfu ya dola, bima inabeba au haibebi, hiyo habari nyingine. Jibu likaja: BRAF. Ukumbi ukageuka kidogo, maana picha na jibu havikufanana hata chembe. Mtaalamu wa patholojia akatuliza, akasema someni mpaka mwisho jamani, ni K601E. Yaani jeni ni ile ile BRAF, lakini badiliko lipo hatua moja pembeni, nafasi ya 601, na hili tabia zake ni za kundi la RAS, vifuko, ganda, upole. Picha ilikuwa imesema kweli, jina la jeni ndo lilitaka kutupeleka mrama. Tangu hapo mtu akiniambia "ana BRAF" namuuliza ipi.

Yule dada alitolewa nusu ya tezi. Kilichotoka kinaitwa NIFTP, uvimbe wenye viini vinavyofanana na vya papilari lakini haujavamia ganda lake wala mshipa. Mpaka mwaka 2016 hicho kilikuwa kinaitwa kansa. Profesa Yuri Nikiforov wa chuo kikuu cha hapa aliongoza jopo la wataalamu, wakafuatilia wagonjwa 109 wa namna hiyo kwa miaka 10 mpaka 26, wote walikuwa hai bila ugonjwa, wakaamua neno kansa liondolewe. Fikiria watu wangapi kabla ya hapo waliitwa wana kansa, wakatolewa tezi nzima, wakanyweshwa ayodini ya mionzi, wakakatwa bima, kwa kitu ambacho leo hakina jina hilo. Mimi hiyo habari huwa inaniuma.

Sasa nije kwa mama wa Kivu, maana huyu ndo aliyenifundisha zaidi.

Pittsburgh ina Wakongomani wengi waliokuja kama wakimbizi, na wakisikia kuna Mswahili chumba cha altrasaundi wanafurahi. Sheria hainiruhusu kutafsiri, lazima mkalimani wa kwenye tableti, sasa siku hiyo mkalimani anaongea Kiswahili cha Nairobi, mama anaongea cha Kivu, mi wa Iringa nipo katikati nimefunga mdomo najizuia kucheka. Mama ana goita kubwa ya siku nyingi, yaani thairoidi iliyovimba shingoni, amesema iko hapo tangu akiwa binti. Kwa upande wa kule si ajabu, kisiwa cha Idjwi pale Ziwa Kivu watafiti wa goita wamekiandika tangu miaka ya 1960, udongo hauna ayodini ya kutosha na muhogo usioandaliwa vizuri unaongeza tatizo. Na kwetu Nyanda za Juu Kusini ilikuwa hivyo hivyo, bibi yangu mzaa baba alikuwa nayo, rafiki zake walikuwa nayo, tulikua tunaona ni kitu cha wazee kama mvi.

Goita ya namna hiyo kwenye skrini inachosha. Vinundu juu ya vinundu, vingine vina maji, vingine vimejaa vitobo kama sponji, vingine vina mawe ya kalsiamu yanapiga kivuli mpaka huoni nyuma. Kishawishi ni kupima vitatu vikubwa ukamaliza ukaandika goita ya vinundu vingi. Mama akaniuliza, "Mwanangu, iko mubaya?" Nikamwambia mama, mimi napiga picha tu, daktari ndo atakueleza. Akacheka, "Lakini we unaonaka." Kweli naonaka. Upande wa kulia chini kulikuwa na kimoja ambacho alama zake hazikuwa za kutisha, kigumu, cheusi kidogo, hakina nukta, siyo kirefu, wala siyo kikubwa kuliko vyote. Kilichonishika ni ganda. Lile duara jeusi la pembeni lilikuwa nene, halafu sehemu moja limekatika na nyama ya kinundu imetokeza kidogo pale pale. Nilikifuata kwa probu polepole, nikarekodi video badala ya picha mnato, nikaandika kwenye karatasi yangu kwamba ganda limekatika na mahali lilipokatika. Sikuandika ni nini. Kazi hiyo siyo yangu.

Sindano ikasema daraja la nne la Bethesda, uvimbe wa folikula. Hapo sindano haina uwezo wa kwenda mbele zaidi, kwa sababu tofauti ya adenoma na kansa ya folikula siyo seli zenyewe, ni kama zimetoboa ganda au mshipa, na sindano inanyonya seli haioni ganda. Jeni ikarudi NRAS pamoja na TERT. Ukimya wa kikao ulikuwa wa aina nyingine siku hiyo. NRAS peke yake haisemi kansa moja kwa moja, inaweza kuwa adenoma, inaweza kuwa NIFTP, inaweza kuwa folikula. TERT ni kitu kingine. Hiyo inahusu kipande kinachowasha kimeng'enya cha kurefusha ncha za kromosomu, seli ikishakipata haizeeki, na ikiungana na RAS au na BRAF mwenendo wa ugonjwa unakuwa mkali zaidi, inaonekana zaidi kwa watu wenye umri na kwa uvimbe uliokaa muda mrefu. Altrasaundi haina alama ya TERT. Hakuna rangi wala umbo nitakalokuonyesha nikwambie hii hapa. Unachoweza kuona ni matokeo yake, ganda kukatika, uvimbe kutoka nje ya tezi, misuli ya mbele kuliwa, na kuna umri wa mgonjwa ulioandikwa juu ya skrini. Alifanyiwa upasuaji, ilikuwa kansa ya folikula imeshaingia kwenye mishipa ya damu.

Nikawa najiuliza sana kuhusu wale bibi zetu. Goita nyingi za upungufu wa ayodini siyo kansa, hilo nataka lieleweke, mtu asianze kuwatisha wazee. Ila inajulikana kwamba sehemu zenye upungufu wa ayodini sehemu ya kansa za folikula ni kubwa zaidi ukilinganisha na papilari, na nchi zikianza kuweka ayodini kwenye chumvi mizani inaelemea papilari. Maana yake nini kwa mtu anayepiga picha Makete au Bukavu? Maana yake wagonjwa wake wenye kansa wanaweza kuwa wengi wao wa lile kundi la sura ya upole, huku vitabu na alama anazotumia vimetengenezwa na watu ambao wagonjwa wao wengi ni papilari za BRAF. Korea Kusini kwa mfano tafiti nyingi zinakuta BRAF kwenye zaidi ya nusu ya papilari, zingine mpaka 80%. Mimi nisingeacha TI-RADS, hapana, ila kwenye goita za kwetu ningeangalia ganda kwanza kabla ya nukta. Wadogo zangu wa chuo wakinipigia huwa nawaambia hivyo hivyo, "anza na ganda".

Swali linalokuja kila mara: kwa hiyo altrasaundi inaweza kutabiri jeni? Wachina na Wakorea wameandika makala nyingi sana kwenye hili, wengine wanafundisha kompyuta ziangalie picha zikisie kama kuna BRAF. Ukizisoma unachanganyikiwa, moja inasema vyenye BRAF ni vyeusi zaidi na virefu zaidi, nyingine inasema hakuna tofauti yoyote. Kwa maoni yangu sababu ni rahisi. Ukichukua papilari tupu za kawaida ukalinganisha yenye BRAF na isiyo nayo, zote zina sura mbaya, unagombanisha mapacha. Tofauti inajitokeza ukiweka BRAF upande mmoja na RAS upande wa pili, hapo hata asiye mtaalamu anaona. Kwa hiyo picha inakupa ukoo, haikupi jina. Na ukoo wenyewe siyo bila matatizo, mtu mwenye Hashimoto, ugonjwa wa kinga ya mwili kuishambulia thairoidi, tezi yake nzima imeshakuwa nyeusi na ina mawimbi mawimbi, kinundu cha BRAF kinajificha mle ndani kama hakipo, na kile cha upole kinaonekana cheupe kwa kulinganisha na jirani yake mgonjwa.

Kitu kingine ni hofu. Mtu akisikia ana BRAF anakwenda kusoma mtandaoni anarudi analia. Lakini hesabu ni ile ile, kama zaidi ya nusu ya papilari zina BRAF na papilari nyingi zinatibika vizuri, basi BRAF peke yake haiwezi kuwa hukumu ya kifo. Hospitali ya Kuma kule Kobe, Japani, tangu 1993 wamekuwa wakiacha papilari ndogo zisizozidi sentimita 1 bila kuzikata, wanazifuatilia tu kwa altrasaundi, na nyingi hazikui. Korea wao walifanya kinyume, walipima shingo za watu wazima wenye afya kwa wingi, mwaka 2011 kiwango cha kansa ya thairoidi kilikuwa mara 15 ya kile cha 1993, na vifo havikubadilika. Yaani walizitafuta wakazipata. Ndo maana ndugu akinipigia kutoka nyumbani anasema dada naomba nikapime shingo tu kwa usalama, namuuliza unasikia nini, una uvimbe, sauti imekauka, kuna mtu kwenye ukoo? Kama hakuna, namwambia akae na hela yake.

Pale BRAF inapobadilisha mambo ni kwenye matibabu ya mbele. Inapunguza ule mlango wa seli wa kuingizia ayodini, kwa hiyo ayodini ya mionzi inaweza isiingie vizuri kwenye kansa iliyosambaa. Na kwenye ile aina mbaya kuliko zote, anaplastiki, ambayo unaikuta kwa mzee shingo imevimba ndani ya wiki chache na kwenye skrini hujui thairoidi iko wapi, tangu 2018 kuna vidonge viwili vya pamoja, dabrafenib na trametinib, vilivyoidhinishwa hapa Marekani kwa wenye V600E. Siku ya mgonjwa wa hivyo hakuna mtu anayeuliza bei ya kipimo cha jeni.

Watoto wana habari yao. Kwao BRAF ni chache kuliko kwa wakubwa, jeni zao mara nyingi ni zile zilizokatika zikaungana na nyingine, RET na NTRK. Baada ya ajali ya Chernobyl ya Aprili 1986 watoto waliokunywa maziwa yenye ayodini ya mionzi walikuja kupata papilari zenye RET iliyoungana, na hiyo iliandikwa sana. Picha mojawapo inayoendana na RET ya namna hiyo ni ile ya tezi nzima kujaa nukta nyeupe bila kinundu chochote cha kushika, wenyewe wanaita dhoruba ya theluji. Mara ya kwanza nimeiona kwa binti wa sekondari nilikuwa natafuta kinundu, natafuta, hakuna, nukta tu kila mahali na tezi zote za limfu pembeni mwa shingo zimejaa. Kama ungeandika "hakuna kinundu" ungekuwa umesema kweli na umemuua mtoto. Kwa hiyo shingo ya mtoto napiga hizo tezi za limfu za pembeni kwanza kabla hata ya thairoidi.

Na RET ina sura ya pili ambayo inageuza hii habari yote juu chini. Hiyo ni kansa ya medula, inatoka kwenye seli tofauti kabisa, zile za kutengeneza homoni ya kalsitonini. Kwenye skrini inaweza kufanana na papilari, nyeusi, ina mawe ya kalsiamu makubwa kidogo, mi sijawahi kuitambua kwa macho peke yake. Lakini takriban robo ya wenye medula wamezaliwa nayo, RET iliyobadilika ipo kwenye damu yao, na mtoto wao ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi. Na hapo picha inakuja imechelewa. Mwongozo wa chama cha thairoidi cha Marekani wa 2015 unasema mtoto mwenye badiliko linaloitwa M918T atolewe tezi ndani ya mwaka wa kwanza wa maisha, mwenye badiliko la nafasi ya 634 kabla au akifika miaka 5. Altrasaundi yake inaweza kuwa safi kabisa siku anaingia chumba cha upasuaji.

Baba mmoja Mtanzania tuliyekuwa tunasali naye alikutwa na medula, kipimo cha damu kikaonyesha RET ya 634. Ana wadogo zake Mbeya, wana watoto. Akaniita pembeni akaniambia, "Dada, mi nitawaambiaje hawa, wataona nimewaletea laana." Tukakaa siku hiyo tukaandika ujumbe wa sauti pamoja, yeye anaongea mi namkumbusha: siyo uchawi, kila mtoto na bahati yake, kinachohitajika kuanza ni damu kidogo tu, sampuli inaweza kusafirishwa, mtu hahitaji kusafiri. Na wasiridhike na altrasaundi iliyotoka safi. Mdogo wake wa kwanza alijibu usiku ule ule akiuliza damu ichukuliwe kwenye kichupa gani, nikamjibu cha kifuniko cha zambarau.